Haikulia

Ilifika Jumanne, ndani ya boksi la viatu,
imeviringishwa kitenge na mpwa wangu Ambokile
aliyeipakata kwenye basi usiku kucha
kama mtoto mwenye homa.
Nikaipima kwa kiganja. Nyepesi.
Nikakumbuka mkopo wa kikundi,
milioni tatu na laki mbili, marejesho kila Alhamisi.
Mbona deni ni zito kuliko kitu chenyewe?

Ya zamani ilikuwa palepale mezani, inatazama.
Miaka kumi na moja.
Mpira wa mshikio nimeugandisha kwa gundi ya viatu.
Imekula vumbi la Mbarali, imenyeshewa Kiwira,
imepiga paspoti za nusu ya Tukuyu
na maharusi ambao sasa hawasalimiani.

Ile ina kioo ndani.
Ukibonyeza, kioo kinaruka, kla-KLAK,
na dirisha linaingia giza, kufumba na kufumbua.
Sikuwahi kulifikiria hilo hadi usiku ule:
kwamba kila picha niliyopiga, sikuiona.
Niliona ya kabla. Niliona ya baada.
Ile yenyewe, pete inapovuka kifundo,
jeneza linapogusa udongo,
uwanja mzima kipofu nilikuwa mimi.

Hii haina kioo.
Haifumbi.

Jumamosi nikaenda nayo Katumba,
kipaimara cha wajukuu wa Bibi Tusekile.
Ukungu umeshuka hadi kwenye migomba,
chai imezama, Rungwe hatujui iko wapi.
Nikawapanga mbele ya ukuta wa tofali.
Lenzi ileile ya siku zote, nimeiunga kwa pete ya chuma,
lakini kingo zimesogea!
Kushoto ameingia binti wa kazi na mwavuli.
Kulia, Mjomba Gwamaka,
aliyenuniwa tangu kesi ya shamba,
amesimama pale ambapo ya zamani ilikuwa inakata.
Kumbe miaka yote alikuwa anasimama pale.
Nilidhani hapendi picha.

Nikabonyeza.
Kimya.
Wakaendelea kusimama, mabega juu, pumzi wameibana.
"Piga basi," bibi akasema, "baridi inatuua."
"Nimeshapiga."
"Umepiga nini? Sijasikia ikilia."

Ni kweli. Tunapiga hodi, tunapiga chafya,
tunapiga magoti, na hata magoti hugonga sakafu.
Hii haipigi. Inachukua tu,
kama mwizi aliyevaa soksi.
Nikapekua menyu, nikakuta sauti ya kuigiza,
nikaiwasha. Kla.
Sauti ya uongo, na wote wakashusha mabega.

Betri ikafa kabla ya saa saba. Ya pili ikaanza kuyumba.
(Ya zamani ingemaliza harusi, na kesho yake msiba.)

Jikoni, moshi, dirisha moja la ukubwa wa kitabu cha nyimbo,
mahali ambapo zamani ningerudi na punje za usiku.
Hii ikaona. Ikaona masizi na ngozi
na kwamba weusi wa masizi na weusi wa ngozi
si ndugu hata kidogo.
Kisanduku cha kijani kikamtafuta bibi jicho,
kikarukaruka, kikatua kushoto,
kwenye lile lenye mtoto wa jicho,
jeupe kama maziwa yaliyolala.
Nikakitoa. Kikarudi.
Nikakitoa tena. Kikarudi.
Milioni tatu na laki mbili,
na haijui lipi linaona.
Nikaacha.

Kisha akataka kuona.
Akaileta skrini karibu na jicho zima,
akaivuta picha ya ukutani kwa kidole chenye unga,
taratibu, wajukuu wote wakapita,
mwavuli ukapita,
akafika mwisho wa kulia, akakaa hapo.

"Huyu alikuwepo?"
"Alikuwepo."

Maji ya chai yakachemka, yakamwagikia kuni.
Hakugeuka.
"Basi isafishe hii. Kubwa.
Na usimkate."