Upana wa Kichochoro

Kitabu tulichosomeshwa kilijaa theluji.
Ukurasa wa mia mbili na kumi: barabara iwe pana
kiasi cha kupisha gari la kukwangua theluji,
na kando ibaki nafasi ya kuirundika.
Tulikariri. Feni ilizunguka kwa kusitasita,
jasho likitudondokea juu ya herufi,
na nje, Khulna nzima ilikuwa majini hadi magotini.

Nilipata tisini na moja.

Mwaka wa tatu akaja Bi Mehjabin Sardar,
mwembamba, miguuni viatu vya mpira,
shingoni futikamba ya fundi cherehani
pale wengine wanapovaa mkufu.
Hakugusa chaki.
"Inukeni," alisema. "Mji haumo humu."

Tukavuka reli, nyuma ya kiwanda cha magunia
kilichofungwa kabla hatujazaliwa,
hadi mahali ambapo ramani ya manispaa
imepaka kijani na kuandika: ardhi tupu.
Ardhi tupu ilikuwa inakaanga vitunguu.
Ardhi tupu ilimwogesha mtoto kwenye beseni,
ikatukodolea macho, ikauliza:
"Mmekuja kubomoa?"

"Hapana, sisi wanafunzi tu."
"Na wale wa mwaka ule walikuja na kamba kama hiyo,"
akasema Korimon, muuza mkaa, bila hasira,
kama anayetaja bei.

Dipankar, mpenda namba, alisema kichochoro
kiwe mita sita. Ndivyo kitabu kisemavyo.
"Ukichukua mita sita," Bi Mehjabin akauliza,
"upande huu anabaki nani?"
Dipankar akahesabu milango kwa kidole.
Hakubaki mtu.

Ndipo Korimon akatushika mikono.
"Mume wangu alipokufa, jeneza halikupita hapa.
Tulimlaza ubavu, tukamsukuma kama kabati.
Mimi sitaki barabara.
Nataka maiti apite amelala chali."

Hakuna aliyeandika. Kisha tukaazima ngazi ya mianzi,
wanne tukaibeba begani, wawili mbele, wawili nyuma,
tukatembea polepole, viwiko vikikwaruza mabati,
na Bi Mehjabin akipima nyuma yetu, akilowa:
mita moja na sentimita sabini.
Nyumba tatu tu zingesogea,
na moja ilikuwa ya Korimon.
"Nitasogea," alisema.

Mtihani wa mwisho ulitoka kwa walewale.
Swali la nne: theluji.
Dipankar akajibu: 1.70, akachora ngazi.
Wakampa sifuri, nyekundu, ya duara safi.
Mimi nilijibu walichotaka.
Nilikuwa na ada ya kulipa, na mama mgonjwa,
na woga, ambao hauna risiti.

Leo kalamu nyekundu ni yangu.
Mtaala hautaguswa hadi kamati ikutane,
na kamati hukutana kama kupatwa kwa jua.
Kitabu kimo kabatini, kimeota ukungu wa kijani,
rangi ileile ya ramani.
Kila Jumanne nawavusha reli.

Juzi msichana mmoja, Sumitra, amerudi na vipimo:
mita moja na sentimita sitini.
Nikamwambia amekosea, namba hiyo naijua begani.
Akanipeleka. Mtu amejenga kizingiti cha saruji
kuzuia maji yasiingie kwake.

Tulisimama pale, miguu ndani ya maji.
Sikujua nimfundishe nini.
Alikuwa ameshapiga hodi.