Kiwiko

Kila alfajiri Etelka hushuka ngazi za chuma
(ya tatu kutoka chini imeliwa na kutu, huiruka),
huchota lita moja ya Danubi
kama anayekopa chumvi kwa jirani.

Huyachemsha maji hadi yabaki vumbi,
vumbi hulilaza katika kasha zito la risasi,
na usiku kucha mashine hulitegea sikio:
tik. Kimya.
Tik.
Ni mawe ya kale tu, yanaota.

Bódog wa kivuko, akikata tikiti, humwuliza:
“Imo?”
“Haimo.”
Hapo roho yake hutulia, injini hunguruma.

Habari za joto hajawahi kuuliza mtu.

Leo, Agosti, wiki ya tano bila tone,
kioo kinasema ishirini na tisa, nukta nane.
Watoto wanapiga mbizi, wanashangilia:
maji matamu, kama ya kuogea!
Chini ya miguu yao samaki
wanahema juu juu, midomo wazi.

Etelka hakukiamini kioo.
Alikunja shati, akazamisha kiwiko
kama alivyokizamisha zamani
katika beseni la mwanawe mchanga,
na mto ukamjibu ngozini:
nachemka, mama.

Akapiga simu mtamboni. “Punguzeni.”
“Kiasi gani? Watu wana feni, wana friji,
wana wagonjwa.”

Ng’ambo, madirisha ya mji yalikuwa yanawaka.
Alishika simu. Maji yalimtiririka
kutoka kiwikoni hadi kwenye daftari,
yakaifuta namba ya jana.