Kiganja Tu, Usifukie

Mama Hoza alishuka na karoti za Lushoto
na kiberiti kisicho na njiti.
"Humu mna kamomili," akasema.
"Kamo nini?" akauliza Mwasiti,
ambaye tangu Ramadhani ile hajalala
ila vipande vipande, kama mkate wa jana.

Nikafungua. Vumbi.
Mbegu ndogo kuliko haya ya mwizi.
Nikapiga chafya, nusu ya shamba langu ikapotea.

"Usizifukie. Zinataka kuona mwanga.
Zikandamize kwa kiganja, basi."
Kiganja kipi, mama?
Hiki kilicholisha mashine mkonge miaka thelathini na mmoja,
chenye ngozi ya kenge?

Lakini nilikandamiza.
Madebe matatu ya mafuta, nyuma ya jiko,
pale ukuta unapotupa kivuli mchana,
mwezi wa sita, kipupwe kimeingia Makorora,
maana jua la kaskazi
lingezichemsha kabla hazijawa chai.

Debe la kwanza, kuku wa jirani alilipekua.
La pili nililinywesha mno; huruma nayo huozesha.
La tatu likaota manyoya ya kijani,
membamba kama mkonge uliokwisha kuchanwa.
Nikacheka peke yangu:
kumbe umenifuata mpaka huku.

Wiki ya tisa, ua.
Jicho la njano, kope nyeupe.
Asubuhi, umande ukishakauka,
napitisha vidole chini ya vichwa kama kitana,
nachuma yaliyokodoa;
yaliyoinamisha kope nayaacha yazeeke na mbegu zao.
Ungo, kivuli, kipande cha chandarua juu.
Siku tano chumba kilinuka tufaha
lililosahauliwa kabatini.

Kijiko cha maua, kikombe cha maji ya moto,
funika kwa kisahani, hesabu mia tatu polepole.
Mwasiti alinihesabia, kwa sauti ya kejeli,
akaruka kutoka tisini hadi mia na hamsini.
Akaonja.
"Majani ya mbuzi haya."
Akaongeza asali. Akamaliza.

Sitasema ni maua.
Huenda ni kile kisahani, au ule ubishi,
au kwamba kwa miezi mingi hatukuwahi kuketi
bila ile simu mezani katikati yetu,
tukingoja Salehe apige.
Saa tano usiku nikasikia mkoromo.
Nikakaa macho hadi alfajiri, zamu yangu sasa,
nikiusikiliza kama mtu aliyenunua redio mpya.

Kopo liliisha mwezi wa kumi na mbili.
Madebe yamekauka, joto limerudi na madai yake.
Ila jana, kwenye ufa wa sakafu karibu na bomba,
mahali ambapo hakuna aliyepanda wala kukandamiza,
nyoya moja la kijani.

Mwasiti ameliwekea tofali pembeni, lisikanyagwe.
Hajaniambia kitu.