Dakika Mbili

Oulu, Januari. Baridi ya gereji inauma kucha.
Gari la Veikko limeishiwa nguvu,
likikanyagwa linapiga mluzi
kama birika lililosahaulika jikoni.

"Turbo imekufa," akasema,
tayari anahesabu pesa asizo nazo.
Mimi, bintiye, nikajaza upepo wa kompresa,
nikapaka povu la sabuni mpira kwa mpira,
klempu kwa klempu,
mpaka chini ya interkula povu likacheka.

Ufa. Mwembamba kama unywele.
Na baba alikwisha kuanza kuukadiria ukuta.

Nikafunga paipu mpya, nikamwaga oili nyeusi tii.
Barabara ya Kemi: sindano ikapanda,
kiti kikatupokea mgongoni,
mzee akacheka kwa sauti nisiyoijua.

Tuliporudi akashika ufunguo.
"Usizime. Turbo bado ina moto,
oili itaungulia ndani. Dakika mbili."

Tukakaa. Injini ikinguruma chini chini,
hatuna pa kukimbilia.
Dakika ya kwanza alifuta kioo kilicho safi.
Ya pili akauliza, miaka sita baadaye:
"Mama yako hajambo?"

Dakika zikapita. Sikuzima.