Mtegemezi

Februari, Lowell. Theluji imegeuka tope la kijivu
kwenye ngazi za maktaba. Nimemshika Mize mkono,
ngazi kumi na mbili tunazihesabu zote kwa sauti,
maana akiruka moja hurudi chini tuanze upya.

Bwana Pelletier hujazia watu fomu za kodi bila malipo.
Miwani imekaa kipajini, naye anaitafuta mezani.
Ananiuliza kwa upole wa mtu aliyeuliza haya tangu asubuhi:
Ni mwanao? Aliishi kwako zaidi ya nusu ya mwaka?
Ana miaka mingapi?

Thelathini na mmoja.

Kalamu inasimama.
Mtoto, kwa serikali, ana mwisho:
kumi na tisa, au ishirini na nne akiwa bado shuleni.
Baada ya hapo pamebaki kijilango cha uani,
na ufunguo wake ni barua ya daktari.

Ninayo. Nimeikunja mara nne
ndani ya mfuko uliokuwa wa mkate,
pamoja na risiti za pampasi, za dawa ya kifafa,
za kile kiti cha kuogea kilichovunjika mwezi wa pili.
Ina neno *kabisa*. Ina neno *daima*.
Sijawahi kuisoma Mize akiwepo,
ingawa hajui kusoma.

Alijikimu mwenyewe kwa zaidi ya nusu?

Jumanne na Alhamisi hufungasha vijiko vya plastiki.
Mwaka mzima: dola mia sita na kumi.
Alinunua vifungo vya rangi, vikajaa kopo la maziwa,
akaninunulia mimi glavu, zote mbili za kushoto.
Andika hapana, namwambia.

Hapana, anaandika. Halafu: mtegemezi, mmoja.

Neno hilo nalijua kwa lugha yangu.
Kwetu kutegemea ni kuegemea,
tena ni kutumaini, kitenzi kilekile,
na mwenye kutegemea hatuulizi uzito wake.
Saa kumi alfajiri ni nani huniamsha
niende dobi ya hospitali? Saa ya mezani ilikufa zamani.
Na mwaka ule wa msiba, nilipolala siku tisa,
nani aliniletea maji kwa kikombe cha mswaki,
nusu yake ikimwagika njiani, akarudi kuchota?

Hakuna kisanduku cha hayo. Nimeangalia, mbele na nyuma.

"Kichwani," anasema Mize ghafla, kwa Kiswahili,
na kunyoosha kidole. Bwana Pelletier anajipapasa,
anaivuta miwani, anacheka mpaka anakohoa.

Punguzo ni dola mia tano.
Nitalipia kiti kingine, kitakachobaki kiende umeme.

Nje tumeshuka polepole, kumi, kumi na moja.
Kwenye kibanda cha kona amenikataza kufungua pochi.
Chai mbili na andazi lenye tundu katikati
amelipa yeye, sarafu moja moja, foleni ikisubiri nyuma yetu.
Risiti nimeiacha pale pale.