Kopo la Misumari

Saa kumi na moja jioni saiti inanawa miguu.
Wenzangu wanapokezana mpira wa maji,
wanavaa mashati ya kurudia Mabatini na Igoma,
na Sayi, saidia fundi, mdogo kuliko sote, ananipigia mluzi:
"Bulugu, fagia vizuri, bibi harusi yuko njiani!"

Nacheka. Nainama.
Msumari wa nchi nne, umepinda kiuno.
Koponi: ti.
Kipande cha nondo, urefu wa kidole. Ti.
Waya wa kufungia, ule mwembamba unaojifanya uzi
mpaka unase buti.
Kila ubao naugeuza tumbo, natafuta meno.

Sikuzaliwa msafi. Muulizeni mama yangu.

Mwaka juzi, Bwiru, jengo likipanda mgongoni mwa jabali,
nilibomoa fomu ya nguzo, nikaacha ubao mmoja njiani,
misumari miwili ikitazama juu.
Nikasema: kesho.
Usiku ziwa likaleta mvua yake,
ikasambaza uji wa saruji sakafuni,
laini kama ngozi ya kambare.

Asubuhi akaja Lushinge, karai begani,
anasimulia sato aliyokaangiwa jana, mpaka mkia.
Ubao wangu aliuona.
Aliuona, akaukwepa,
na mguu wa kukwepea ukatua penye utelezi.

Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, ni kwenda mbele.
Wahenga hawakujikwaa ghorofa ya pili,
mbele kukiwa na hewa tu,
na chini ya hewa, kokoto.

Hakufa.
Hilo huwa nalisema haraka,
kama mtu anayelipa nusu ya deni.
Yuko Pasiansi, ana fimbo, anauza vocha chini ya mwavuli mwekundu.
Kwenye ripoti waliandika: uzembe wa kibarua.
Ubao haukutajwa, wala mwenye ubao.
Nikipita ananiita, "Fundi! Fundi wangu!"
Hajui ulikuwa wa nani.
Au anajua.

Basi nafagia.
Mbao huku, nondo kule, katikati njia ya mtu na mzigo wake.
Waya wa mashine ya kuchomelea naupitisha juu, kwenye ndoano.
Tope nalikwangua kabla halijakauka likawa jiwe,
kabla halijalowa likawa kambare.
Hakuna anayenilipa saa hii.
Foromani ananitazama kama anayetazama mlevi mpole.

Jua limezama nyuma ya mawe, ziwa limebaki na rangi ya bati kuukuu.
Nasikia hatua ngazini.
Ni Sayi. Amesahau simu kwenye chaji.
Anavuka sakafu nzima gizani, ndala miguuni,
anapiga mluzi uleule,
haangalii chini hata mara moja.

Nimesimama nyuma ya nguzo,
kopo nimelikumbatia
lisilie.