Aliyeosha Kamera

Profesa Hilaria Ntabaye anaagwa leo.
Wageni wametoka Dar na bango lenye picha yake ya ujana,
wanahesabu makala alizoandika: themanini na saba.
Mimi nimekaa nyuma, karibu na masufuria ya pilau.
Makala sijaandika hata moja.
Mimi nimeosha kamera.

Miaka kumi na tisa.
Ule mpira mweusi, mrefu kama nyoka asiye na sumu,
uliingia vinywani mwa watu wa Kibirizi, wa Mwandiga, wa Ujiji kwetu,
ukatoka na mate, ukatoka na damu,
nikaupokea kama mkunga:
brashi, dawa, maji, maji tena,
nikauning'iniza udondoshe.

Mara ya kwanza alikuja nao kwa treni,
siku mbili kaupakata sandukuni.
Uvinza mkaguzi wa tiketi akamwuliza, hilo ni tarumbeta?
"Ndiyo," akajibu, "la kupigia tumboni."

Lugha yetu haikungoja vyuo.
Ilijua zamani kwamba neno baya hukata maini,
kwamba shughuli ikiharibika imetumbukia nyongo,
na mropokaji anaongea utumbo.
Lakini yeye ndiye wa kwanza niliyemwona
akiyafuata mambo hayo hadi yanakokaa,
na taa.

Ntibayaga, muosha nyavu wa Katonga,
aliletwa kwa baiskeli, kanga mbili zimelowa damu aliyotapika.
Ndugu walisema katupiwa jini.
Profesa hakubishana.
"Twendeni tukamtazame huyo jini."
Kwenye kioo, mishipa ya umio imetuna, zambarau,
na jini jina lake kichocho:
kilimwingia miguuni angali mtoto,
akicheza kwenye maji ya magotini,
kikapanda taratibu, kikahamia kwenye ini
kama mpangaji asiyelipa.

Akaanza kuifunga kwa vipete vya mpira,
mmoja, wa pili,
umeme ukakatika.

Dakika nane. Jenereta linatafutiwa dizeli.
Koo la mtu limejaa mpira, giza totoro,
nami nimeshika tochi ya simu, mkono unanitetemeka,
na yeye, aliyefundisha madaktari wa nusu ya nchi,
anarudia neno moja tu la kwao Kalinzi:
Humura. Humura.
Mpaka leo sijui alikuwa anamtuliza nani
kati yetu watatu.

Ntibayaga aliishi miaka sita zaidi.
Wengine hawakufika hata getini.

Makala ya usiku ule ilisomwa Ujerumani.
Mwanangu alinisomea: mwisho kabisa,
kwa herufi ndogo kama sisimizi,
shukrani kwa K. Hamisi.
Hawakusema kwa lipi.

Na lile ambalo bango halina:
jioni moja, wagonjwa wamekwisha,
alipanda kitandani mwenyewe.
Alikuwa mtu wa chai kavu na hasira,
kila siku anawaambia watu kuleni kwa wakati.
Akamkabidhi mpira mwanafunzi wake, kijana Ruhuzi,
akaniambia, "Kuruthumu, nishike kichwa."
Kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani.
Ruhuzi akachungulia, jasho linamtoka.
"Kidonda, Profesa. Kidogo."
Na kwa mara ya kwanza tangu tumjue
hakuweza kumsahihisha mtu.
Nikacheka. Naye machozi yalimtoka,
ya mpira au ya kicheko, sikuuliza.

Sasa wanampa kipaza sauti.
Anakishika kwa vidole viwili, anakigeuza,
anakitazama kichwa chake kama kweli kina taa,
halafu anatafuta nyuso hadi huku kwenye masufuria.

Sitangoja keki.
Jumatatu kuna wagonjwa watano, Ruhuzi peke yake,
na maji yamekatika tangu jana.
Nimeshajaza ndoo nne.
Bado mbili.